Mforosadi majani tele matunda hamna, na bluberi imenifia. Nakosea wapi?

MamaMapacha
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada nimekwama. Nipo Mbezi Beach, nina kieneo kidogo nyuma ya nyumba nikasema nipande matunda ya vichaka watoto wawe wanachuma wenyewe. Mforosadi una miaka miwili sasa, umerefuka mpaka umepita ukuta, majani mapana kama viganja lakini haujawahi kutoa hata tunda moja na kila mwezi naupa samadi ya kuku. Wa pili ni bluberi, nilinunua mche elfu 45 muuzaji akaniambia inastahimili joto. Miezi minne tu majani yakaanza kuwa ya njano ila vile vimishipa vikabaki kijani, nikadhani wadudu nikaweka majivu ya jiko, wiki mbili ikakauka yote. Imeniuma sana mana nilikua naimwagilia mwenyewe asubuhi na jioni maji ya kisima. Nakosea wapi jamani?

udongo_kwanza
Pole sana dada. Hao hawakua wadudu. Njano yenye mishipa ya kijani ni mmea umekosa madini ya chuma, na chuma kwenye udongo kipo sema mizizi inashindwa kukichukua. Bluberi inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) 4.5 mpaka 5.5, sasa huko kwenu pwani chini ni mawe ya matumbawe ambayo ni chokaa, ongeza mabaki ya saruji ya wakati wa ujenzi, ongeza maji ya kisima yenye chumvi, halafu majivu nayo yanapunguza asidi ndo ukaimalizia. Na hata ungepatia udongo bado kuna baridi, aina nyingi za bluberi zinataka masaa mamia ya baridi chini ya nyuzi 7 ndo zichanue vizuri, na hata zile zisizotaka baridi nyingi hazipendi joto letu hili ambalo usiku wa Julai wenyewe ni nyuzi 19 hivi. Elfu 45 kwa mche wa namna hiyo hapa Dar hakukutendea haki huyo muuzaji.

Kigamboni_shambani
Mama mapacha huo mforosadi usiukate kabisa, huo ndo tunda letu la kichaka huku pwani. Kwanza acha samadi ya kuku, inasukuma majani tu. Pili upogoe, matunda yanatoka pamoja na machipukizi mapya kwahiyo mti usiokatwa unapanda juu tu. Mimi naukata wangu mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, naushusha mpaka usawa wa kifua, napukutisha majani yote yaliyobaki kwa mkono, namwagilia vizuri, baada ya wiki chache machipukizi yanatoka na vitunda vimeshikilia hapo hapo. Uwe juani nusu siku angalau, kama ukuta unaukinga jua hapo ndo shida ilipo.
Sema kuna miforosadi dume, inatoa vishada vya maua vinaanguka basi. Ukipogoa mara mbili na bado hamna kitu, omba kitawi kwenye mti unaozaa, unene wa penseli, macho (pale yanapochipukia majani) matatu manne, chomeka kwenye kopo kivulini, kinashika chenyewe. Ila usipande karibu na karo la choo, mizizi yake inafata maji.

mtoto_wa_Lushoto
Naongezea kwa dada. Kwetu Lushoto stroberi zinakubali mana tuko juu, mita kama 1,400, usiku baridi kweli. Nimejaribu hapa Tabata kwenye ndoo, majani yalitoka mazuri, matunda madogo yakaoza masika. Bora nguvu zako uweke kwenye forosadi.

MamaMapacha
Asanteni sana, sasa nimeelewa, na ukuta kweli unaukinga jua la asubuhi. Je kunguru? Huku wamejaa, nifunike na chandarua cha zamani?

udongo_kwanza
Chandarua chenye dawa hapana dada, hayo matunda watoto wanakula bila kuosha. Tafuta wavu wa kawaida, na uchume kila asubuhi yakishakua meusi. Wavalishe nguo za zamani hao mapacha, doa la forosadi halitoki.

Kigamboni_shambani
Vitawi ninavyo vingi nikipogoa Septemba, nitumie ujumbe nikuwekee vitano.