Mjadala: Mchezo wa Krismasi skulini, tuchukue wa ng'ambo au tutengeneze wetu?

Mwalimu, Kisauni (mwanzisha mada)
Waungwana, nina kikao Jumatano na sitaki kwenda mikono mitupu. Chama cha Kikristo skulini kwetu chataka mchezo wa nyimbo wa kufungia mwaka. Watoto ni 34, wavulana tisa tu, na watatu kati yao sauti ndiyo kwanza zavunjika. Wamepakua mswada wa Kimarekani: theluji, makoti mazito, na mhusika mmoja anayeimba peke yake mara tano huku wengine wamesimama kama nguzo. Mimi nasema mchezo huchaguliwa kwa watoto ulio nao. Theluji tuifute, zile solo tuzigawe, mwenye nyumba ya wageni avae leso. Mwenzangu wa muziki asema nikiugusa nimeuharibu. Na kuna wanafunzi Waislamu wanaotaka kushiriki. Semeni.

Mwalimu wa muziki
Huyo mwenzake ni mimi. Leso sina neno nayo. Ninachokataa ni kwamba cha ng'ambo hakituhusu. Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat, mchezo wa nyimbo wa kisa cha Yusufu na joho lake, ulianza 1968 katika skuli moja ya London, kazi ya robo saa hivi, kwa kwaya ya watoto. Wetu wangeuimba vizuri tu. Mtunzi huupandisha wimbo mmoja ili unaofuata upate pa kushukia. Ukikata hapa, pale panabomoka.

Katibu wa kwaya, Changamwe
Mwagombania vyumba katika nyumba ya mtu. Kupakua si kupewa! Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na hata kutafsiri kwahitaji ruhusa. Andikieni mwenye mswada, mtaje kila mnachotaka kubadilisha. Akikataa, tafuteni mwingine.

Mzazi, Likoni
Mie ni Muislamu na mwanangu yuko skuli ya misheni. Kisa cha Yusuf twakijua, ni sura ya 12 nzima ya Qurani. Lakini kumvika mtoto joho mkasema huyu ndiye Nabii, kwetu halifai. Apige ngoma, avute pazia, sawa. Ila mtuulize wazazi kabla ya mazoezi, si siku ya mchezo.

Kijana wa Mtongwe
Mbona hamtaji ya hapa hapa? 1631, Fort Jesus. Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa, aliyelelewa Goa akabatizwa Jerónimo, akamgeuka kapteni wa Kireno, na Wakristo waliokataa kuiacha imani wakauawa. Mchezo huo!

Mzazi, Likoni
Yakhe, na nani ataigiza wauaji? Wanangu?

Mwalimu mstaafu, Frere Town
Mama kamaliza. Hicho ni kisa cha watu wazima, na kizuri, ila si cha Krismasi.

Mwalimu, kuna mchezo wa Kiingereza wa karne ya 15, wa wachungaji wa Wakefield. Mwandishi hajulikani, hakuna wa kulipwa, mradi mtafsiri kutoka matini ya kale, si tafsiri ya jana ambayo ina mwenyewe. Mak aiba kondoo, mkewe amfunga kama mtoto mchanga, ajilaza akiugulia uzazi. Wachungaji wapekua nyumba, hawaoni kitu, waondoka. Mmoja akumbuka hakumpa mtoto zawadi, arudi, afunua nguo: pua ndefu! Kisha malaika aja, na wale wale waenda Bethlehemu kumtazama mtoto wa kweli.

Kondoo mfanyeni mbuzi wa mnada wa Mariakani. Na wale wavulana watatu? Mak aimba bembelezi bovu mpaka wachungaji wamcheka. Sauti iliyovunjika ndiyo itakiwayo hapo. Usiihamishie sehemu hiyo kwa msichana mwenye sauti nzuri, utaua kicheko chote.

Mwalimu wa muziki
Hapo nimekubali. Wimbo wa malaika nitautunga mwenyewe, soprano na alto tu.

Mwalimu, Kisauni
Mama wa Likoni, mtoto wa horini akiwa taa tu ndani ya kitanda cha kamba, bila mtu wala mwanasesere?

Mzazi, Likoni
Taa sina neno nayo. Barua ya kutuuliza bado naingoja.

Mwalimu, Kisauni
Itatoka Alhamisi. Sasa mbuzi: mlinzi wetu ana beberu, yuko tayari kumwazima.

Mwalimu mstaafu, Frere Town
Beberu kitandani, ndani ya leso? Shoneni wa gunia.