Wauza laptop, acheni kutudanganya wanamuziki kwa "hii i7, inabeba kila kitu"

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Mimi ni mpiga solo wa bendi ya dansi hapa Dar. Jumamosi iliyopita tuko katikati ya sebene, watu wote wameshasimama, gitaa langu, ninalolipitisha kwenye laptop, likaanza kukwaruza. Krr, krr, kimya, halafu sauti inarudi dramu zimeshapita. Mpiga besi akanigeukia, mwimbaji naye akanigeukia. Nikachomoa waya, nikachomeka moja kwa moja kwenye mikisa, nikamaliza usiku na sauti kavu isiyo na hata chembe ya mwangwi.

Laptop hiyo nimeinunua Kariakoo, 850,000, hela ya kupiga harusi miezi minne. Nilimweleza muuzaji kinagaubaga kwamba nataka mashine ya kuendeshea programu ya amplifaya na efekti jukwaani, siyo ya kuangalia muvi. Akanijibu, "Kaka, hii i7, RAM 16, inabeba kila kitu." Nilipoomba nijaribu na gitaa langu akasema nitamchafulia mashine. Jumatatu nimeirudisha, akanyoosha kidole kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hiyo i7 yenyewe (prosesa, yaani ubongo wa kompyuta) ni 7500U. Ina kore, yaani vichwa vya kufanyia kazi, mbili tu! Kabati lile lile lilikuwa na i5-8250U, bei ya chini, kore nne. Mtu anayeshika mashine hizi kutwa nzima, kama hilo halijui, asimshauri mteja. Na U ni prosesa ya kubana umeme, wati 15. Prosesa za HQ, zile za nguvu, za kizazi hicho hicho ni wati 45. Hiyo RAM 16 aliyoisifia wala sikuihitaji, maana programu za amplifaya hazili RAM kiasi hicho. Zinachotaka ni prosesa ijibu papo hapo, kila mara, bila kukosa hata mara moja.

Hesabu yake hii hapa. Ukiweka bafa, yaani fungu la sauti linalochakatwa kwa mpigo mmoja, ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 2.7 tu za kumaliza kila fungu la sauti. Ikichelewa, ndiyo ule mkwaruzo. Nikipandisha bafa hadi 512 mkwaruzo unapungua, lakini kuingia na kutoka tu zinapita milisekunde 21, sawasawa na kupiga huku amplifaya iko mita saba kutoka uliposimama. Jaribu kupiga sebene hivyo, vidole viko hapa, sauti iko kaunta.

Kabla hamjaniuliza: natumia draiva ya ASIO (ya kupitisha sauti haraka kwenye Windows) iliyokuja na saundi kadi yangu, kile kifaa cha kuingizia gitaa kwenye kompyuta, siyo ASIO4ALL ile ya jumla, na saundi kadi hiyo hiyo kwenye Mac ya rafiki yangu inapiga safi. Nimeweka LatencyMon, programu ya kupima kama kompyuta inachelewesha sauti, ni ya bure, haikumaliza dakika kumi ikawa nyekundu, yaani inachelewesha. Juu kabisa ya orodha ya wachelewesha imekaa ndis.sys, faili la mambo ya mtandao. Nimezima Wi-Fi na Bluetooth, nimeweka umeme kwenye nguvu kamili, ikatulia kidogo. Lakini ikipiga nusu saa inapata moto, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe, na krr inarudi. Sisi tunapiga saa moja na nusu bila kushuka jukwaani!

(Mvumo wa kwenye spika ukichomeka chaja siulaumu, ule niliumaliza kwa DI (kisanduku cha kuunganishia na mikisa) yenye swichi ya kukata athi.)

Ninachodai ni nusu saa dukani kabla sijatoa hela: gitaa langu, saundi kadi yangu, LatencyMon ikiwa wazi. Suruali tu tunapewa tujaribu!

Anayejua duka linalokubali hivyo, Dar au hata Arusha, aandike hapa. Na mwenye mashine iliyotumika yenye prosesa ya H, zile za nguvu, feni nzima, nina 600,000. Nitakuja na gitaa.