Wagonjwa wa selimundu kukutana na wabunge kwenye kongamano: tujiandaeje?

BintiWaChama

Habari za humu wakuu. Chama chetu cha wagonjwa wa selimundu (siko seli) kimealikwa kwenye kongamano la utetezi wa wagonjwa, siku tatu. Siku ya mwisho tumepewa robo saa na wabunge wa kamati ya afya. Tuko wanane: wagonjwa watatu, waliobaki ni wazazi. Madai yetu yamefika kumi na moja: dawa, upimaji wa watoto wachanga, damu salama, bima, lugha chafu hospitalini na mengine. Naomba msaada: tuyapangeje, tubebe karatasi gani, na wagonjwa wetu wajikingeje wasije wakaangushwa na maumivu siku ya kikao?

KaraniKamati

Dada, madai kumi na moja kwenye robo saa ni sawa na kutodai kitu. Mbunge atatikisa kichwa kwa yote, na mkitoka hakuna lililoandikwa kwenye daftari lake. Chagueni moja, na la pili liwe la akiba.

Namna ya kuchagua: jiulizeni mbunge ana uwezo gani. Anatunga na kurekebisha sheria, anapitisha bajeti, anamuuliza waziri maswali, na kupitia kamati anaweza kuwaita watendaji waje kujieleza. Mbunge hamwadhibu nesi mwenye lugha chafu, wala haagizi dawa. Hayo mpelekeeni mganga mkuu au wizara, msimpotezee muda.

Likishapatikana, liandikeni kwa sentensi moja ambayo mwisho wake unaweza kujibiwa ndiyo au hapana. "Tunaomba serikali itujali" haina jibu. "Tunaomba kamati iitake wizara iitengee haidroksiyurea kifungu chake kwenye bajeti ya dawa ya mwaka ujao wa fedha" ina jibu. (Haidroksiyurea ni ile dawa ya kunywa ya selimundu inayopunguza maumivu.)

Angalieni pia kalenda ya bunge kabla hamjaondoka. Bajeti ikiwa bado iko kwenye kamati, ombeni fedha. Ikiwa imeshapitishwa, kuomba fedha mpya ni kuchelewa. Hapo ombeni mbunge aulize kama fedha zilizotengwa zimetolewa kweli. Kutengwa na kutolewa ni mambo mawili, na vyama vingi vinashangilia la kwanza vikidhani kazi imekwisha.

MfamasiaWaZamu

Nakazia hapo kwenye haidroksiyurea, maana swali la kwanza mtakaloulizwa ni "itagharimu kiasi gani?" Msipokuwa na jibu, mazungumzo yanafia hapo hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dozi ya kuanzia kwa mtu mzima huwa kama miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 50 kwa miligramu 20 ni miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya miligramu 500. Kwa mwaka ni vidonge 730. Wagonjwa 1,000 wa uzito huo ni vidonge 730,000. Zidisheni kwa bei ambayo bohari ya dawa ya nchi yenu inanunulia, siyo bei ya duka la dawa, kwa sababu serikali hainunui rejareja. Watoto wafanyiwe hesabu yao kwa uzito wao.

Halafu msisahau vipimo. Dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo na kila dozi inapopandishwa. Mkiomba dawa bila vipimo, daktari mwangalifu hataiandika na vidonge vitaisha muda wake stoo.

Swali la pili litakuwa usalama, hasa kwenye maeneo ya malaria. Jibu lipo: utafiti uitwao REACH, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda. Wakiwa kwenye dawa, maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, na vifo pia. Ongezeni kwamba dawa hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sentensi mbili zinatosha, msigeuze kikao kuwa darasa.

Kwa dai la akiba napendekeza upimaji wa watoto wachanga, ila liunganisheni na penisilini. Utafiti wa Marekani wa 1986 ulionesha kuwa watoto wadogo wenye selimundu waliopewa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku walipata maambukizi makali ya bakteria wa nimokokasi kwa asilimia 84 pungufu. Mtoto akipimwa na asianzishiwe kinga, kipimo kimempa jina la ugonjwa tu.

BintiWaChama

Asanteni sana, nimeshaanza kupunguza orodha. Mawili zaidi: mzazi mmoja anataka kusimulia ya mwanawe na kuonesha picha zake akiwa wodini. Je, inafaa? Na tukifika tukaambiwa mbunge ametoka, tutaonana na msaidizi wake?

MamaUtetezi

Mwanangu, msaidizi msimdharau hata kidogo. Mara nyingi ndiye anayeandika hoja na ndiye atakayepokea simu yako baadaye. Mpeni kikao kamili kile kile, na muombe anuani yake ya barua pepe kabla hamjanyanyuka.

Kuhusu simulizi: inafaa, ila iwe dakika moja na nusu na iishie kwenye ombi lenu. Mama akisimulia siku dawa zilipokosekana na kilichomfika mtoto, sentensi inayofuata iwe ni lile dai la dawa. Simulizi ya damu ikifuatiwa na dai la dawa inamchanganya msikilizaji. Ajizoeze mbele ya wenzake akishikiwa saa, na awepo mtu wa kuendelea akizidiwa na machozi.

Picha za wodini ziacheni. Mtoto hana uwezo wa kuridhia, na picha ikishatoka kwenye simu ya mtu hairudi. Kama mtoto ni mkubwa wa kuelewa, aulizwe, na akisema hapana iwe hapana. Jina lake na shule yake visitajwe.

Watu wanane ni wengi, ingieni watano: wa kutambulisha (nusu dakika), wa kusimulia, wa takwimu, wa kuomba, na wa kuandika. Huyu wa mwisho asiongee kabisa. Anaandika kila ahadi kwa maneno yaliyotumika. Jumla msizidi dakika saba, zinazobaki ni za mbunge. Na muwe na toleo la dakika moja la korido, kwa sababu kengele ya kuwaita wabunge kupiga kura hailii kwa ratiba yenu.

Karatasi ni moja, ukurasa mmoja: dai juu kabisa kwa herufi nzito, hesabu ya mfamasia katikati, mawasiliano chini. Ripoti ya kurasa arobaini haisomwi. Zawadi msibebe, hata ndogo. Na kama safari imegharamiwa na kampuni ya dawa, semeni wenyewe mapema. Likiibuliwa na mtu mwingine linaharibu yote. Mkiulizwa msilolijua, jibuni "tutakuletea jibu, Mheshimiwa" na mtaje siku.

NesiSelimundu

Upande wa afya. Ukumbi wenye kiyoyozi kikali, kukaa muda mrefu na kunywa maji kidogo ndiyo mambo yanayoleta maumivu kwenye makongamano. Kila mgonjwa awe na sweta hata kama nje kuna jua, na chupa ya maji mezani. Mtu mzima alenge lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, isipokuwa daktari amemwekea kikomo kwa sababu ya figo au moyo. Wengi hunywa kidogo kwa kuogopa foleni ya choo, kwa hiyo waketi karibu na mlango.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari na akiba ya siku kadhaa. Anayetumia mofini (dawa kali ya maumivu) na anavuka mpaka aulize masharti mapema, nchi hutofautiana. Barua hiyo hiyo itasaidia kwenye ukaguzi wa mlango wa bunge.

Tafuteni kabla ya safari hospitali ya karibu yenye damu na oksijeni. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au upande mmoja wa mwili kulegea: mgonjwa anapelekwa saa hiyo hiyo, hata kama kikao kimebakiza dakika kumi. Ndiyo maana kila jukumu liwe na watu wawili waliojiandaa.

KaraniKamati

Nyongeza moja. Ujumbe wa shukrani utumwe ndani ya siku moja, ukiwa na dai lile lile na ahadi kama ilivyonukuliwa. Baada ya wiki mbili piga kwa msaidizi, uliza kama swali la bungeni limewasilishwa au bado. Akisema bado, muulize anahitaji nini kutoka kwenu ili aliandike, na mpelekee siku hiyo hiyo.