Majirani wa Kiamunyi: vijana na nyumba ya mlowezi

Brayo [19:06]: Habari za jioni wazazi wetu. Tuko vijana watano, Jumamosi usiku tunataka kukaa kwenye ile nyumba kuukuu ya mlowezi upande wa Rongai ya hapa Nakuru tuone kama mizimu iko kweli. Tuna tochi, simu na kipima sumaku. Tubebe nini kingine?

Mzee Kiprono [19:09]: Ruhusa. Shamba lina mwenyewe hata kama nyumba imemezwa na magugu. Mpigieni, kisha chifu na mzee wa nyumba kumi wa kule wapate majina yenu, saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Mama Adhiambo [19:12]: Na mvae vile vizibao vya boda vinavyong'aa. Mtu anayenyemelea gizani na tochi haulizwi kitambulisho. Kwetu Nyanza ataitwa jajuok, yaani mchawi wa usiku, mayowe yapigwe, na watu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mizimu haijafikisha hapo 😅 Boma lenye matanga mpite mbali, na kaburi la mtu lisikanyagwe wala kupigwa picha.

Brayo [19:13]: Sawa Mama.

Baba Njeri Stima [19:21]: Brayo, hicho kipima sumaku kitawadanganya msipokwenda mchana kwanza. Zungukeni kila chumba, mwandike namba kila baada ya hatua mbili. Kipimo cha ndani ya simu huku kwetu kitasoma kama mikrotesla 33, hiyo ni sumaku ya dunia yenyewe. Ikipanda ukikaribia ukuta na kushuka ukirudi nyuma, hapo kuna chuma au waya. Vile vidude vya taa za rangi vya wawinda mizimu navyo hushtushwa na stima yetu ya volti 240, na hata na simu inayotafuta netiwaki. Kwa hivyo simu zote ziwekwe hali ya ndege, isipokuwa ya mtu atakayebaki nje.

Baba Njeri Stima [19:23]: Nyaya za nyumba hizo huwa zimevikwa mpira, na mpira umeshaoza. Hata mkiambiwa stima ilikatwa, hesabuni kila waya una moto. Swichi msiguse.

Mama Chebet [19:30]: Nikiwa kama nesi, ninachoogopa ni jiko. Rongai usiku kuna baridi na mtashawishika kuingiza makaa ndani. Msithubutu, wala jenereta. Hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo haina harufu. Inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na inaweza kumfanya mtu aone na kusikia visivyokuwepo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyokuwa ikisikia nyayo na kuona watu usiku. Chanzo kilikuwa tanuru mbovu la kupasha nyumba joto. Wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja, wote nje, hata kama kipimo kinaimba.

Mama Chebet [19:32]: Mkikuta mavi ya popo, msifagie. Vumbi lake hubeba kuvu wa mapafu. Barakoa ya N95, si kitambaa.

Brayo [19:34]: Na mapango ya Mlima Elgon je? Kuna mwenzetu anasema tumalizie huko.

Mama Chebet [19:35]: Pango la Kitum la huko limehusishwa na wagonjwa wa virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, 1980 na tena 1987. Kwa kutafuta mizimu tu? Hapana.

Mzee Kiprono [19:36]: Na kabla hujaitaja kreta ya Menengai: usiku hapana. Ukingo unaanguka mamia ya mita, na huko chini kuna nyufa zinazotoa mvuke wa kuunguza.

Mwalimu Wafula [19:44]: Tuje kwa sauti. Mabati yakipoa baada ya jua kuzama hujikunja na kugonga kama mtu anatembea juu ya paa, kwa hivyo saa za kwanza za usiku msizitegemee. Perere, yule mnyama mdogo wa mitini, naye hulia kama mtu anayenyongwa. Wekeni virekodi viwili, vyumba tofauti, juu ya kitu imara. Ukishika mkononi utarekodi vidole vyako. Anayekohoa au kusogeza kiti aseme kwa sauti, "huyo ni mimi, saa nne na dakika kumi." Bila hivyo, kesho kila kikohozi kitakuwa marehemu. Sauti ikiwa kwenye kirekodi kimoja tu, tafuteni kwanza kilichokuwa karibu nacho.

Mwalimu Wafula [19:46]: Kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola hupima uso wa ukuta, hakipimi hewa. Ukielekeza dirishani utapata "baridi ya mzimu" kila mara. Na vile viduara vyeupe kwenye picha ni vumbi lililomulikwa na flashi.

Baba Njeri Stima [19:49]: Sakafu ya mbao: pita kandokando ya ukuta ambako boriti zimeshikwa, gonga na fimbo kabla ya kukanyaga. Nje ni hatari zaidi, maana visima na mashimo ya choo ya zamani hufunikwa na nyasi. Yatafuteni mchana, myazungushie utepe.

Mama Chebet [19:52]: Gumbuti kwa ajili ya nyoka. Akiuma mtu: msikate, msifunge kamba, mguu usitikisike, hospitali mara moja. Gari liwe limegeuzwa kuelekea barabarani. Namba ni 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199.

Brayo [19:55]: Na tukigawanyika wawili wawili?

Mzee Kiprono [19:56]: Mko watano. Mmoja kwenye gari, wanne ndani pamoja. Mmoja akiumia, mmoja anakaa naye, wawili wanatafuta msaada. Kila mtu tochi mbili.

Brayo [19:58]: Basi Ijumaa mchana tunaenda kupima kwanza. Baba Njeri, utatuazima utepe?

Baba Njeri Stima [19:59]: Pitia dukani kabla ya saa kumi na mbili. Na mwenye gumbuti namba 8 ajitokeze, huyu kijana anavaa ndala.