Naomba ushauri: nimwambieje mhariri kuwa picha ukutani hazitoshi?

Wakuu habari zenu. Niko Marekani mwaka wa nne sasa, nafanya kazi kwenye gazeti la mji mdogo huku, na weusi kwenye chumba cha habari niko peke yangu. Mhariri kanipa kazi, mwezi wa pili ni mwezi wa historia ya watu weusi, kwa hiyo niandae picha za waandishi weusi waliotangulia tuzibandike mapokezi.

Kazi yenyewe naipenda jamani. Nimeanza na Ida B. Wells, mama aliyezaliwa utumwani 1862, akawa anaandika jinsi weusi walivyokuwa wanauawa na makundi ya wazungu bila kesi wala nini, 1892 wakaivunja ofisi ya gazeti lake Memphis na bado hakunyamaza. Heshima ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari huku Marekani, kaja kupewa 2020, miaka 89 baada ya kufa! Nililia kweli.

Sasa kinachoniuma, ripoti ya tume ya Kerner, tume ya serikali ya Marekani iliyochunguza ghasia za ubaguzi wa rangi mijini, ilishasema tangu 1968 kwamba vyombo vya habari vinaajiri weusi wachache mno, na mimi hapa niko peke yangu. Nataka nimwombe mhariri atenge hata nafasi mbili za mafunzo, zenye malipo, kwa vijana weusi wa hapa mjini. Ila kibali changu cha kazi kiko mikononi mwa mwajiri huyuhuyu na nina watoto.

Nimfuate ana kwa ana au niandike barua? Nimwambie sasa hivi au mpaka picha zibandikwe? Mliowahi kupitia hili naombeni mnisaidie.