Naomba ushauri: Je, mboga ya krisanthemamu iliyopikwa inamfaa mzazi aliyepungukiwa na damu?

Mkazi wa Bahati, Nakuru

Wanajamvi, hamjambo. Jirani alinigawia mbegu za krisanthemamu ya kuliwa, ile ambayo Wajapani huiita shungiku na Wachina tong hao. Nimeipanda nyuma ya jikoni na imestawi kuliko mchicha wangu. Mama yangu ana miaka 68, na kliniki wamemwambia kwamba damu yake imepungua kwa kukosa madini ya chuma, ndiyo sababu nilitaka kumpikia mboga hii. Hata hivyo, alichuma jani moja, akalifikicha, akalinusa, kisha akaniambia, "Hii ni pareto. Nimechuma pareto Molo tangu ujana wangu, hutanidanganya." Kwa kuwa pareto hutengenezwa dawa ya wadudu, tangu siku hiyo hataki hata kuiona. Naomba kujua mboga hii ikishapikwa inabaki na virutubisho gani, na ipikwe vipi. Niongeze kwamba mama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu ilipomganda mguuni.

Mzee wa Shamba

Mama yako hajakosea sana, kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, na zamani wataalamu waliiweka yote katika jenasi ya Chrysanthemum. Siku hizi mboga yako inaitwa Glebionis coronaria na pareto ni Tanacetum cinerariifolium. Ngoja michache itoe maua umwonyeshe: pareto ina petali nyeupe na kitovu cha manjano, ilhali maua ya mboga hii ni ya manjano, au ya manjano yenye kingo nyeupe. Msichume majani ya krisanthemamu za mapambo kutoka mashamba ya maua, maana hizo hunyunyiziwa dawa bila kufikiria kwamba kuna mtu atakayezila.

Nyar Kano, Kisumu

Dada, usiipike kama tunavyopika osuga (mnavu), yaani kuchemsha, kumwaga maji na kuchemsha tena, kwa sababu mboga hii ikikaa motoni huzidi uchungu. Wajapani huitia kwenye chungu mwishoni kabisa, chakula kikikaribia kuepuliwa. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia majani yaliyooshwa, geuza kwa dakika mbili au tatu, epua. Magadi usitie hata chembe; najua hulainisha mboga na kuihifadhia rangi, lakini huharibu vitamini C.

Afisa Lishe, Kakamega

Gramu 100 za mboga hii iliyochemshwa na kuchujwa maji, yaani kiasi cha konzi moja iliyokamuliwa, zina takriban kalori 20, nyuzinyuzi gramu 2.3, potasiamu miligramu 570, vitamini C miligramu 24 na madini ya chuma miligramu 3.7. Mwanamke wa umri wa mama yako anahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku, kwa hiyo kwa hesabu tu hizo ni karibu nusu. Mwilini si hivyo, kwa kuwa chuma cha majani hufyonzwa kidogo kuliko cha nyama au samaki. Nyanya na ndimu husaidia kukifyonza, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hukizuia.

Lakini lililonishtua ni lile ulilolitaja mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo. Mtu anayetumia wafarini akipungukiwa na damu, haitoshi kutafuta mboga. Ni lazima daktari achunguze kama anavuja damu tumboni. Muulize mama kama choo chake kimekuwa cheusi, na kama ndivyo, mpeleke leo.

Kuhusu mboga yenyewe, ina mikrogramu 140 hivi za vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Sukuma wiki iliyopikwa, ambayo bila shaka anaila, ina nyingi zaidi, kwa hiyo hii si sumu kwake. Kinachovuruga kipimo chake cha kuganda kwa damu ni kula sahani kubwa wiki hii na kutokula kabisa wiki ijayo. Aanze na kiasi kidogo badala ya sukuma, si juu yake, na mwambie anayempima damu.

Mkazi wa Bahati, Nakuru

Ahsanteni nyote. Nilimuuliza, akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba choo kimekuwa cheusi kwa wiki tatu, ila alidhani ni vile vidonge vya chuma.

Afisa Lishe, Kakamega

Vidonge vya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo huenda amesema kweli, lakini ninyi wawili hamwezi kutofautisha mkiwa nyumbani. Nendeni na dawa zake zote mkononi.

Mkazi wa Bahati, Nakuru

Tuko kwenye foleni sasa hivi, na dawa zote ziko kwenye kiondo chake. Mboga itangoja.