Je, madarasa ya Kisuba yanaweza kuitwa mradi wa afya?

Mjukuu wa Mfangano: Wanajukwaa, hamjambo? Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kisumu. Nyanya yangu, ambaye tunaishi naye Nyalenda, huzungumza Kisuba, mama hukielewa tu, nami nimelelewa kwa Kijaluo. Kikundi chetu kinapanga kuwafundisha vijana Kisuba, na mwenzetu mmoja anataka tuombe fedha za afya. Ninasita, kwa sababu wazee wetu wote wanakijua Kijaluo barabara, na sijaona mgonjwa aliyekosa tiba kwa kukosa mkalimani. Je, uhusiano upo kweli?

Msomaji wa Milimani: Upo, ila si wa ukalimani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu jamii za wenyeji asilia wa British Columbia, Kanada, ulionyesha kwamba katika zile chache ambamo angalau nusu ya watu waliweza kuzungumza lugha yao, vijana waliojiua walikuwa karibu hakuna. Hata hivyo, haukuthibitisha kwamba lugha ndiyo iliyowakinga. Huenda jamii iliyoweza kuhifadhi lugha yake ndiyo hiyo hiyo iliyobaki na uwezo wa kujiamulia mengine. Msiahidi kupunguza ugonjwa wowote.

Mkazi wa Mariashoni: Tahadhari hiyo ni ya haki, lakini huku kwetu Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, lugha na dawa havitenganiki kirahisi hivyo. Mtoto wa Kiogiek huyajua majina ya miti akifuatana na mzee kukagua mizinga ya nyuki, na jina huja pamoja na habari ya sehemu inayotumika, iwe gome au mzizi, na kiasi kinachotosha. Watu wakifurushwa msituni, somo hilo hukatika, hata vitabu viwepo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2017 kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek, zikiwemo za ardhi na utamaduni, na mwaka 2022 ikaagiza fidia ya shilingi milioni 157.85. Kabla ya kuchagua kitabu, amueni wazee na vijana watakutania wapi.

Mjukuu wa Mfangano: Asanteni sana. Nyanya hawezi kufika darasani, kwa kuwa magoti yanamsumbua, na mchana kutwa hukaa peke yake. Nitapendekeza vijana wamfuate nyumbani siku zile ninapompima presha, na fedha tuziombe kwa jina la utamaduni.